Yai Limekomaa, Usichelewe

“Wifi, mimi sisemi kitu, lakini macho ninayo.”

Mtu akianza hivyo ujue kitu anacho, tena atakisema chote mpaka mwisho. Mama Keki alikuwa ameinama juu ya keki ya harusi ya ghorofa tatu, mfuko wa krimu mkononi, anachora maua pembezoni. Hakuinua kichwa. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, umbea mdomoni.

“Sema, wifi. Ila sema polepole, mkono huu ukitetemeka bibi harusi atalia.”

“Nimemwona kaka. Kule kiwanjani wanakojifunzia gari. Limeegeshwa kivulini, na mwanamke yumo ndani.”

“Mume wangu anafundisha udereva. Wanawake wanapanda gari lake kila siku ya Mungu.”

“Najua. Lakini lilikuwa limezimwa, wifi. Gari lililozimwa linafundisha nini?”

Ua likapinda. Mama Keki akachukua kisu, akalikwangua, akaanza upya. Wifi alipoona ujumbe wake umefika, akaaga na kuondoka zake akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo.

Mtaa mzima ulimwita Mama Keki. Hapakuwa na mtoto mtaani ambaye hakuwahi kuzima mshumaa juu ya keki yake. Jina lilikuwa zuri, ila lile neno la kwanza lilikuwa na mwiba, kwa sababu ndoa ilikuwa imeingia mwaka wa sita na mtoto wake mwenyewe hajaonekana. Walikuwa wakihudhuria kliniki ya uzazi. Yeye ndiye aliyemeza vidonge, aliyechomwa sindano, aliyelala kwenye kitanda cha vipimo akitazama dari. Yai lilipoiva, nesi alimtumia ujumbe, naye aliupeleka kwa mumewe vilevile ulivyokuwa, bila hata salamu. Leo asubuhi ulikuwa umeingia tena:

*Yai limekomaa. Leo na kesho. Usichelewe.*

Mume aliusoma. Hakujibu. Na si mara ya kwanza. Miezi kadhaa sasa, siku za ujumbe zilipofika, mwanaume huyo alipatwa na kila balaa. Mara mgongo unauma, mara ana mwanafunzi wa jioni, mara kalala kwenye kochi na viatu miguuni. Wakienda kwa daktari, wakiulizwa kama mambo nyumbani yako sawa, wote wawili walijibu kwa pamoja kama wanakwaya: “Sawa tu, daktari.”

Mama Keki akafunika keki yake, akafunga duka, na aproni ikiwa bado shingoni akaelekea kiwanjani.

Gari lilikuwa pale pale kivulini. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, alikuwa ndani peke yake, kwenye kiti cha abiria chenye breki yake ya dharura. Mama Keki akafungua mlango wa dereva, akaingia, akaubamiza.

“Yuko wapi?”

“Nani?”

“Mwanamke wako.”

“Mwanafunzi? Kipindi kimeisha, kaenda kwao.”

“Mnasoma gari likiwa limezimwa?”

Mwalimu akashusha pumzi. Akaonyesha simu yake, iliyokuwa imepachikwa kwenye dashibodi ili aone ramani.

“Ujumbe wako umeingia tukiwa katikati ya mzunguko wa barabara. Yeye ndiye aliyeuona kwanza, akausoma kwa sauti. Halafu akaniuliza, ‘Mwalimu, kumbe unafuga kuku?’”

Zamani wangecheka mpaka wakashikana. Mama Keki akahisi kicheko kikimpanda kifuani, akakimeza.

“Ukamjibu nini?”

“Nikamwambia ndiyo, nafuga. Nikamwambia aegeshe tupumzike kidogo. Nilishindwa kuendelea na somo.”

“Ushindwe kwa nini? Nimekutukana?”

“Hujanitukana.”

“Leo unarudi nyumbani mapema?”

Mwalimu akatazama nje, kule wanafunzi wengine walikokuwa wakirudi nyuma kati ya mapipa na kuyagonga.

“Nina mtu jioni.”

“Una mwanamke.”

“Sina.”

“Basi una nini? Niambie! Mtu mzima unakimbia kitanda chako mwenyewe, una nini?”

Mwalimu akafungua mdomo. Neno lilikuwa linakuja, Mama Keki aliliona kabisa. Kisha likarudi lilikotoka.

“Nimechoka tu, mke wangu.”

“Keshokutwa ni siku ya daktari. Na huko utakuwa umechoka?”

“Nitakuja.”

Akashuka garini, akarudi kwa miguu, machozi yakimtiririka hadharani bila kujali anayemwona. Alimpenda yule mwanaume. Hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa hampendi angekusanya nguo zake akaenda kwao, mambo yakaisha.

Daktari wao alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Chumba chake kilikuwa na meza, vitanda viwili vya pazia, na mlango uliokuwa wazi muda wote. Nesi aliingia na mafaili, akatoka, akaingia na mirija ya damu. Nje, wanawake waliopanga foleni walisikia kila aliyekohoa.

“Yai lilikuwa zuri sana,” daktari alisema akitazama picha kwenye kompyuta. “Mwezi uliopita zuri, uliotangulia zuri, na mimba haishiki. Mbegu za baba tulizipima mwanzoni, hazina tatizo. Siku zile nilizowapa, mlikutana?”

“Ndiyo, daktari,” Mama Keki akajibu haraka.

“Zote mbili?”

“Zote mbili.”

Mwalimu akamgeukia mkewe polepole. Mama Keki hakumtazama.

“Basi siwezi kuendelea kubahatisha,” daktari akasema. “Nataka niingie niangalie kwa kamera kuna nini humo ndani. Tunakulaza usingizi, tunatoboa tumbo kidogo hapa na hapa. Ni operesheni ndogo, lakini sikufichi, kisu ni kisu. Uko tayari?”

“Niko tayari.”

“Hutaki kwenda kufikiri kwanza?”

“Nimeshafikiri, daktari. Nipangie siku.”

Alikuwa anajua anachofanya. Afadhali apasuliwe tumbo kuliko aseme mbele ya nesi, mlango wazi, kwamba mumewe anamkwepa. Aibu ya mume ni ya mke, ndivyo alivyofundwa. Na moyoni kabisa alikuwa na wazo jingine la kusikitisha: huenda mtoto angemrudisha yule mwanaume.

Daktari akashika kalamu.

“Usimpasue,” Mwalimu akasema.

Sauti ilitoka ndogo. Akakohoa, akarudia.

“Daktari, naomba usimpasue mke wangu. Amekudanganya kwa ajili yangu. Hatukukutana. Si mwezi huu, si uliopita, si wa kabla yake.”

Nesi, aliyekuwa anaingia, akasimama na trei yake kama sanamu. Daktari akaweka kalamu chini, akainuka, akamtoa nesi kwa upole.

“Nesi, naomba huo mlango. Na asiingie mtu, hata awe mkurugenzi.”

Mlango ukafungwa. Daktari hakurudi nyuma ya meza yake. Akavuta kiti, akakaa karibu nao.

“Haya. Tuanze upya.”

“Mwambie basi yote,” Mama Keki akasema. “Umeshaanza, malizia. Mwambie huyo mwanamke ni nani.”

“Hakuna mwanamke! Ni mara ngapi nikwambie?” Mwalimu akafuta jasho kwa kiganja. “Daktari, tatizo ni... ni kwamba... jogoo.”

“Jogoo?”

“Jogoo hawiki.”

“Baba, mimi si bwana mifugo. Niambie kuhusu mwili wako.”

“Daktari, samahani, wewe ni rika la shangazi yangu.”

“Shangazi yako hakusomea haya, mimi nimesomea. Uume hausimami?”

Mwalimu akafumba macho.

“Hausimami.”

“Vizuri. Si kwamba ni vizuri, ila vizuri umesema. Hausimami siku zote, au siku fulani?”

Mwalimu akachezea kifungo cha shati lake.

“Asubuhi ukiamka?”

“Asubuhi hauna shida.” Akamtupia mkewe jicho la haraka. “Hata siku nyingine akitoka tu kuoga, hauna shida. Lakini ule ujumbe ukiingia, kwisha. Nakuwa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Nikimshika naona kitanda kimejaa watu. Mama yangu yupo, dada yangu yupo, nesi yupo. Wewe mwenyewe daktari upo, samahani sana.”

“Mimi huko sikualikwa,” daktari akasema. “Naomba unitoe leo hii.”

Mama Keki hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Miezi yote ile! Usiku wote ule akinusa mashati ya mtu, akitafuta manukato ya mwanamke asiyekuwepo! Hakujua amkumbatie au amzabe kofi.

“Mbona hukuniambia?”

“Ningeanzia wapi? Wewe unameza vidonge mpaka unatapika. Unachomwa sindano. Mimi katika haya yote nina kazi moja tu, moja, na hiyo moja imenishinda. Ningekuangaliaje usoni?”

“Mimi nilijua hunitaki tena.”

“Na mimi nilijua unataka mbegu, mimi hunitaki. Mke wangu, mara ya mwisho kunigusa bila nesi kutuma ujumbe ni lini?”

Mama Keki akatafuta jibu. Hakulipata, na kutolipata kukamchoma kuliko sindano zote.

Daktari akamgeukia.

“Na wewe mama? Usimwache mwenzako avuliwe nguo peke yake. Hilo tendo lenyewe, kwako likoje?”

“Mimi?”

“Wewe.”

“Hakuna aliyewahi kuniuliza.”

“Mimi ndiye niliyetakiwa kukuuliza, tena mapema. Nimekuuliza hedhi, nimekuuliza damu, nimekuuliza mpaka ulichokula. Hili nimeliuliza mlango ukiwa wazi, tena kwa swali la kujibiwa ‘ndiyo’. Hapo nimekosea. Nauliza sasa.”

Mama Keki akatazama mikono yake. Chini ya ukucha mmoja kulikuwa na rangi ya waridi ya krimu.

“Linaniuma,” akasema. “Nakuwa mkavu, linaniuma. Nafumba macho, naomba liishe upesi, halafu najilaumu kwamba labda ndiyo sababu sishiki. Kufurahi nilishasahau, daktari. Nimekuwa mtu wa kupokea tu, kama dirisha la posta.”

“Kumbe linakuuma?” Mwalimu akaruka. “Kwa nini hukusema?”

“Kwa nini hukuuliza?”

“Ningejua vipi?”

“Ungefungua macho, na wewe ulikuwa umefumba!”

“Haya,” daktari akaingilia, “mkimaliza kunyang'anyana kosa mtaniambia, liko la kututosha wote.” Akavaa miwani. “Sikilizeni. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na sidhani kama walikuwa wanatania. Wanaokaa kwenye viti hivyo wakiniambia ‘sawa tu’ ni wengi. Ratiba yetu inaua hamu, tunalijua hilo, na hatulisemi. Baba, hujaharibika. Mwili unaoamka asubuhi ni mzima, umejaa hofu tu. Hata hivyo tutapima sukari na presha, na ikihitajika dawa ipo. Mama, maumivu yako nitayachunguza leo, na kuna vilainishi visivyodhuru mbegu. Nitawapa na mshauri wa ndoa anayejua kazi yake. Na hata ikishindikana kabisa, mbegu tunaweza kuziweka sisi hapa kliniki. Kwa hiyo mtoto hategemei jioni moja ya wasiwasi. Mmenielewa?”

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mabega yake yalikuwa yameshuka, kama mtu aliyevuliwa gunia.

“Na operesheni?” Mama Keki akauliza.

“Nikupasue kutafuta mimba ambayo hamkuitafuta? Iweke pembeni. Mwezi huu sitoi vidonge, nesi hatatuma ujumbe, na tendo lenyewe nimelipiga marufuku mpaka mrudi hapa.”

“Marufuku?” wakasema kwa pamoja.

“Marufuku. Shikaneni mikono, kandaneni miguu, laleni mkiongea upuuzi kama wachumba. Zaidi ya hapo, hapana.”

“Daktari,” Mwalimu akasema, “tumekuja kutafuta mtoto, na wewe unatukataza...”

“Mtoto atakuja kwa watu wanaokimbiana? Nendeni.”

Walitoka nje. Jua lilikuwa kali, wakasimama chini ya ukuta wa hospitali wakisubiri kuvuka barabara. Simu ya Mama Keki ikaita. Wifi.

“Wifi, vipi? Umemfumania?”

Mama Keki akamtazama mumewe, akaweka sauti ya nje.

“Nimemfumania.”

“Ehee! Si nilisema? Na nani?”

“Na mke wake.”

“Eti?”

Mwalimu akachukua simu.

“Dada, ni mimi. Kuanzia leo ukiwa na swali kuhusu tumbo la mke wangu, niulize mimi. Mwambie na mama hivyo hivyo.”

“He! Kaka, mimi si nilikuwa nakutakia mema? Basi nikuulize, tatizo liko kwa nani?”

“Kwetu. Na jibu jingine halipo. Salamu kwa shemeji.”

Akakata. Mama Keki akawa anamkodolea macho.

“Umejifunza lini kumkatia dada yako simu?”

“Sasa hivi. Kumbe ni rahisi.”

Na hapo ndipo kile kicheko alichokimeza garini kikampasuka. Akacheka, akashika ukuta. “Unafuga kuku!” akasema. “Mwalimu wangu, unafuga kuku!” Mwalimu naye akaanza, na wapita njia wakawakwepa kwa mbali wakidhani ni watu wenye matatizo ya akili.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Jioni ya kwanza walikaa kitandani kama wageni wawili wanaosubiri kuitwa. Mwalimu akauliza kama angependa kukandwa miguu. Mama Keki akasema haina haja. Kisha akasema, basi kidogo tu. Alikuwa anasimama kutwa mbele ya jiko la keki, visigino vilikuwa vimekufa ganzi, na mumewe alipovishika akatoa mguno ambao hakuukusudia.

“Nimekuumiza?”

“Hapana. Endelea.”

“Hapa?”

“Juu kidogo. Hapo. Aa, hapo.”

“Kumbe unaongea,” Mwalimu akasema.

Siku zilizofuata akamsimulia habari za wanafunzi wake. Yupo mzee anayesalimia kila mti kabla ya kuupita. Yupo dada anayefumba macho akitaka kurudi nyuma. Mama Keki naye akasema ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba akipamba keki ya mtoto wa mwaka mmoja hujifungia chooni kwanza akalia, ndipo aichore. Mwalimu akauvuta mkono wa mkewe kifuani kwake. Hakumwambia usilie. Usiku ule walilala wameshikana, na kila mmoja akamsikia mwenzake akipumua.

Vipimo vya sukari na presha vikatoka safi. Mshauri wa ndoa akawaona mara mbili na kuwapa kazi ya nyumbani iliyowachekesha. Marufuku ikaendelea.

Ikaja Jumapili moja ya mvua. Wateja hawakutoka, wanafunzi hawakuja. Mama Keki alikuwa jikoni akikwangua krimu iliyobaki kwenye bakuli, kanga begani, redio inaimba taratibu. Mwalimu akaja nyuma yake, akachovya kidole kwenye bakuli.

“Umenawa?”

“Nimenawa.” Akaweka kidevu begani kwake. “Keki.”

“Mm?”

“Unanukia vanila.”

“Nanukia vanila mwaka wa sita huu.”

“Leo ndiyo nimesikia vizuri.”

Mama Keki akageuka. Walikuwa karibu sana, na safari hii yeye ndiye aliyeanza. Alimbusu mumewe kwa sababu alitaka kumbusu, basi. Dakika chache baadaye bakuli likaanguka sakafuni, hakuna aliyeinama kuliokota.

“Daktari amekataza,” akanong'ona.

“Daktari hayupo. Nilishamtoa.”

“Wewe si ndiye unayefundisha watu kutii sheria?”

“Barabarani. Hapa ni jikoni.”

Yaliyofuata ni ya wenyewe, tuwaachie. Nitasema tu kwamba hakuna aliyefumba macho, kwamba mke alisema “polepole” na mume akasikia, na kwamba hofu ilikuja mara moja, ikabisha hodi, Mwalimu akamwambia mkewe, “Nimeanza kuogopa,” naye akajibu, “Basi tulale tu hivi, hatuna haraka.” Wakalala hivyo, mvua inapiga bati. Na kwa kuwa hawakuwa na haraka, mambo yakaja yenyewe.

Baadaye wakawa wamelala chumbani, kichwa cha mke kifuani kwa mume. Mwalimu akamgusa nywele.

“Mbona leo huinui miguu ukutani?”

Hiyo ilikuwa desturi yake kila wakimaliza: mto chini ya kiuno, miguu juu ya ukuta, macho kwenye saa, kama mtu anayelinda maziwa yasimwagike. Leo hakukumbuka kabisa.

“Ya nini?”

“Huenda ndiyo siku yenyewe. Leo ni siku ya ngapi?”

Mama Keki akaanza kuhesabu. Yeye, ambaye kwa miaka aliijua siku ya mwili wake kabla hajajua ni Jumatatu au Jumanne, akarudi nyuma mpaka kwenye hedhi yake, akapotea, akaanza tena, akapotea tena. Akainuka kwenye kiwiko, akamtazama mumewe kwa mshangao.

Mtasema mimba iliingia hapo. Mimi sisemi. Ninachojua ni kwamba siku ya kliniki ilipofika walikwenda, daktari akafunga mlango mwenyewe, akauliza kama walitii amri yake, wakashindwa kumtazama usoni, naye akacheka na kuwaambia sasa matibabu yanaweza kuanza. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumapili ile kulikuwa na mvua tu, na watu wawili waliokuwa wamepishana njia, wakakutana.

“Sijui,” Mama Keki akasema, na machozi yakamtoka akiwa anacheka. “Mume wangu, sijui leo ni siku ya ngapi!”

“Hata mimi sijui.”

“Basi njoo hapa.”